Kabla Ununue Pedali Nyingine

Wasee, tuongee ukweli. Mkisema kupiga lupu ni ya wenye pesa, nakataa. Kilichoniaibisha mimi ni waya, si pesa.

Shoo yangu ya kwanza, mama alifunga kibanda mapema aje kuniona. Nikagonga mwili wa gita, lupa ikashika mdundo. Nikaongeza besi kwa nyuzi nene, ikakubali. Halafu nikakanyaga pedali ya mwangwi nipige solo. Kumbe lupa nilikuwa nimeiweka kabla ya mwangwi! Kila kitu kilichokuwa kinazunguka kikapitia huko pia. Mdundo ukageuka uji. Watu wakacheka.

Nikazima. Mama akaitana kutoka nyuma: "Si uanze tena?"

Nikapanga waya upya mikono ikitetemeka: gita, mwangwi, lupa, ndio spika. Sasa mwangwi ukabaki kwa solo pekee, mdundo ukatulia.

Siku hizi nafika mapema, naunga kila kitu, nakanyaga kila pedali kabla watu waingie. Kosa ukilirekodi, lupa italirudia mpaka uizime. Kwa hivyo panga ulizonazo kwanza. Wewe zako umezipanga aje?