Usimtumie Mama Mashine ya Kutotolesha

Desemba ikikaribia, Wachaga tulioko Ujerumani huanza kuulizana nani anakwenda nyumbani na nani amebakiwa na kilo za mzigo. Siku hizi mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga ni moja ya vitu vinavyotafutiwa nafasi: ile ya plastiki, yenye kifuniko unachoona ndani, inayobeba mayai kama ishirini. Nia ni njema. Mama yuko Marangu au Uru, ana kuku wachache kihambani, basi apate vifaranga wengi bila kungoja kuku aamue kulalia. Mimi nasema tusiipeleke. Kuna kitu kingine huku Saxony ambacho natamani kifike kwetu, na hakichukui hata gramu moja ya mzigo.

Huku nje kidogo ya Leipzig mashine inahitajika kwa sababu kuku wengi hawalalii tena. Kuku anayelalia huacha kutaga, na mtu anayeishi kwa kuuza mayai hamtaki. Kwa hiyo kizazi baada ya kizazi walichaguliwa wale wasiolalia, mpaka kuku wa mayai wa kisasa akabaki na dalili ndogo tu ya tabia hiyo. Jirani yangu mstaafu anafuga Sachsenhuhn, kuku wa asili wa jimbo hili ambao wamebaki wachache, na kila masika anatotolesha kwa mashine. Anaishikisha joto la nyuzi 37.5 hivi, anageuza mayai mara kadhaa kwa siku, siku ya saba anayamulika kwa tochi gizani na kutoa yale yasiyo na mishipa ya damu. Siku ya 18 anaacha kugeuza na kuongeza unyevunyevu, na siku ya 21 magamba yanaanza kutoboka. Vifaranga wakikauka wanahamia chini ya taa ya joto. Umeme haukatiki, chakula cha vifaranga kiko dukani, na daktari wa mifugo yuko mwendo mfupi kwa gari. Mashine yake ni sehemu moja tu ya mpango huo mrefu. Tukiibeba peke yake tukaipeleka Kibosho, hayo mengine yote tunayaacha Saxony.

Sasa tazama kazi inavyokwenda Kibosho kwa shangazi yangu. Mayai ya kulaliwa huyaweka kwenye ungo wenye pumba, ncha nyembamba ikiangalia chini, na hayakai zaidi ya wiki moja hivi. Kuku akianza kukaa kiotani usiku na mchana, akijitutumua na kugugumia ukimsogelea, shangazi anajua amekuwa koo. Anamtengenezea kiota kwenye kona ya jiko la nje, juu ya majani makavu ya migomba, na kumwekea mayai kumi hadi kumi na matatu kulingana na ukubwa wa mwili wake. Kila yai analitia alama ya mkaa, maana matetea wengine huja kutagia hapohapo, na yai lililochelewa litaachwa wenzake wakishaanguliwa. Baada ya hapo ni kumhakikishia maji na mahindi karibu, kwa sababu koo hutoka mara moja tu kwa siku na kurudi haraka.

Kazi ambayo jirani yangu anaifanya kwa kipimajoto, koo anaifanya kwa kifua. Amejinyonyoa manyoya sehemu hiyo ili ngozi yake iguse mayai. Anayageuza kwa mdomo usiku na mchana, ya pembeni anayavuta katikati na ya katikati anayasukuma pembeni. Siku za mwisho vifaranga huanza kulia ndani ya yai, naye anawajibu, hata kabla gamba halijapasuka sauti yake wanaifahamu.

Nilipompigia simu kumwuliza kama angependa mashine, tulisalimiana kwanza kama kawaida.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mashine nimeziona. Sasa umeme ukikatika usiku wa manane, hayo mayai atayalalia nani?"

Umeme ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni siku ya 22. Kifaranga wa mashine hana mama. Anahitaji bruda yenye joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha lipunguzwe kidogokidogo kila wiki mpaka aote manyoya. Kibosho mwezi Juni na Julai ukungu hushuka mpaka kwenye migomba na asubuhi nyasi zinachuruzika umande. Kushikilia joto hilo kwa jiko la mkaa ndani ya banda la mbao ni kukesha, na ni hatari ya moshi na moto. Koo anawafunika kwa mabawa, anawaonyesha cha kudonoa, na akiona kivuli cha mwewe analia mara moja tu na wote wanazama chini ya majani ya magimbi. Hakuna mashine inayofanya hivyo.

Kuna jambo moja ambalo huku wamelihangaikia miaka mingi na kwetu halijawahi kuwa swali: kifaranga wa kiume. Katika ufugaji wa mayai wa viwandani yeye hatagi wala hanenepi haraka, na Ujerumani ilikuwa ikiua takriban milioni 45 kila mwaka siku ileile walipoanguliwa. Mahakama Kuu ya Utawala, ambayo makao yake yako hapahapa Leipzig, iliamua Juni 2019 kwamba faida ya kibiashara peke yake haitoshi kuhalalisha mauaji hayo, ila yavumiliwe kwa muda mpaka njia nyingine zipatikane. Chuo Kikuu cha Leipzig nacho kilishiriki kutafuta namna ya kutambua jinsia ndani ya yai. Tangu tarehe 1 Januari 2022 kuwaua ni marufuku. Nilifurahi kuona sheria ile ikipita, na nilimfikiria jogoo wa kwetu: anayepokelea mgeni, anayeuzwa Kiboriloni ada ya shule ikipungua, anayengojwa na ukoo mzima Krismasi.

Nisije nikaeleweka kwamba kwetu kila kitu ni sawa. Kuangua si tatizo letu. Tunapoteza vifaranga baadaye, kwenye wiki nane za kwanza: kicheche, paka, mwewe, umande. Dawa ya hao inajulikana na haina gharama kubwa: tenga la kuwafunikia, na kutowatoa mpaka nyasi zikauke. Kisha anakuja mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Kuku anashusha mabawa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na ndani ya siku chache banda zima limekwisha, vifaranga na mama zao. Tiba haipo. Mara nyingi mdondo unaingia na kuku mmoja aliyenunuliwa sokoni na kuchanganywa na wenzake jioni ileile. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya walichomwa moto Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege, na nchi nzima ikazungumza. Mdondo unaua ndani ya vihamba vyetu na hauzungumziwi.

Hapa ndipo Ujerumani ina la kutufundisha. Mwenye kuku mmoja tu huku anatakiwa kumwandikisha, na kuchanja dhidi ya mdondo ni lazima hata kwa anayefuga kwa kujifurahisha. Lakini chupa ya chanjo ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai. Kwa hiyo wafugaji wadogo wanategemea chama chao. Vyama hivi ni vya zamani. Kile cha kwanza kilianzishwa Görlitz, mashariki mwa Saxony, mwaka 1852. Siku ya chanjo jirani yangu na wenzake wanakutana, chanjo inagawanywa, kila mmoja anakwenda kuwanywesha kuku wake kwenye maji, na kijiji kizima kinachanjwa siku moja.

Chanjo yenyewe tunayo. I-2 inatengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, na ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo dozi ileile, kurudiwa kila miezi mitatu. Bei ya tone ni ndogo mno mbele ya bei ya kuku. Kinachokosekana ni kile chama. Mwanamke mwenye kuku saba hanunui chupa ya mamia ya dozi ili amwage iliyobaki.

Na vyama tunavyo, ila havijapewa kazi hiyo: jumuiya ndogondogo za Kibosho, mitaa ya sharika za Machame, ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893, vikoba vya akina mama kila kitongoji. Nauli ya mzigo wa mashine moja iingie kwenye mfuko wa jumuiya. Desemba, wakati sote tuko nyumbani, ateuliwe mtu wa kuzungumza na afisa mifugo wa kata na kwenda mjini kuchukua chupa kwenye kibaridi chenye barafu. Orodha ya nyumba na idadi ya kuku iandikwe wiki moja kabla. Kuku wasifunguliwe asubuhi hiyo mpaka mchanjaji apite, maana kumkimbiza tetea mmoja kwenye migomba kunakula nusu saa, na chupa iliyofunguliwa inatakiwa iishe siku hiyohiyo.