Tuupime Msaada kwa Hali ya Mtoto



Ndugu wasomaji, sisi ni jamaa ya Kiislamu tuliohamia Malaba kutoka Mombasa kwa ajili ya kazi ya malori. Hapa mpakani baba hulala njiani siku nyingi foleni isiposonga, na mama hushinda sokoni. Watoto huona na kusikia mengi yaliyozidi umri wao.

Mwana wetu wa miaka tisa alipoanza kugutuka usiku, kukataa chakula na kujitenga na wenziwe, tulimsomea Qur'ani, kisha tukampeleka kituo cha afya, kwani Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa kila maradhi yana dawa. Mshauri nasaha alimsikiliza kwa upole mara mbili. Mara ya tatu tulikuta amehamishwa, na aliyeshika nafasi yake akaanza kumwuliza yote upya. Mtoto akafumba kinywa. Katika daftari la kituo alihesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa. Nyumbani usingizi ulikuwa bado haujarudi.

Hapo ndipo penye suala. Idadi ya waliohudhuria si idadi ya waliopata nafuu. Utafiti wa kitaifa uliotolewa Kenya mwaka 2022, juu ya watoto wa miaka 10 hadi 17, ulionyesha kuwa zaidi ya wawili katika kila watano walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Waliofikia huduma walikuwa wachache mno. Basi hao wachache yatupasa tujue kama wamesaidika.

Kipimo kipo. Mwaka 1997 Robert Goodman wa Uingereza alitoa hojaji ya maswali 25, ambayo imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili. Huulizia huzuni na hofu za mtoto, hasira zake, utulivu wake, usuhuba wake na wenziwe, na wema wake kwa watu. Mzazi au mwalimu huijaza mwanzoni, kisha tena baada ya muda, na majibu yakalinganishwa. Haitoshi kuthibitisha maradhi, lakini huonyesha kama hali inabadilika.

Nasi tulianza kuandika nyumbani: usiku aliolala, chakula alichokula, siku aliyotoka kucheza. Ustadhi wa madrasa akatuongezea aliyoyaona. Tulipompa mshauri daftari hilo, hakuhitaji tena kumhoji mtoto tangu mwanzo. Leo, alhamdulillahi, hulala usiku mwingi, ingawa masomo bado yanamlemea.

Akina mama wenzetu, mpelekapo mtoto kutibiwa, ulizeni mambo matatu: Tutarajie mabadiliko gani? Tutapima tena lini? Ukihamishwa, nani atamwendeleza? Na sisi wa mpakani, ambao watoto wetu huvuka Uganda kukaa kwa jamaa, tuhakikishe maandishi yake yanasafiri naye.

Watoto ni amana. Mwenyezi Mungu awape shifaa na utulivu wa nyoyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.