Kilomita Ishirini Nyuma ya Maksai

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa fundi wa karakana Uyole, pale barabara kuu ya kwenda Tunduma inapoachana na ile ya Tukuyu na Kyela. Kituo cha kilimo kilikuwa bado na sura ya upya, kwani majengo yake yalikuwa matunda ya msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden katika muongo uliotangulia, na watafiti walikaa jirani na wanafunzi. Mimi nilitunza stoo ya zana. Nilitoa spana, kamba za kupimia, nira na plau, na jioni nilivipokea vikiwa na tope. Ndiyo maana maneno ya wanafunzi juu ya mkufunzi wao wa uhandisi wa kilimo niliyasikia mapema kuliko ofisi yoyote. Jina la mkufunzi huyo nalihifadhi.

Neno lililorudiwa zaidi lilikuwa "anatukomoa." Kila wiki alidai ripoti ya vitendo yenye michoro ya penseli na hesabu zilizoandikwa hatua kwa hatua. Wenye vikokotoo walikuwa wachache, wengine walipekua vitabu vya logi mpaka usiku mkubwa. Hakuwa na desa la kunakiliwa mwaka hadi mwaka, kwa kuwa vipimo vilitoka shambani na shamba la leo halikuwa la jana. Aliyeleta kipimo cha kubuni alirudishwa kupima upya, hata kama ni Juni na baridi ya Uyole imeshika vidole. Walioogopa sapu walikesha kwa ajili ya somo lake, na masomo ya udongo na mifugo yakabaki nyuma.

Siku ya trekta nilikuwapo, kwa sababu dizeli ilitoka kwa saini yangu. Plau ya sahani tatu, upana wa sentimita 90, mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Darasani kila mtu alipata hekta 0.45 kwa saa, na hesabu ilikuwa sahihi. Shambani ikatoka kama theluthi moja ya hekta. Tofauti hiyo ilipotea kwenye kugeuza trekta mwisho wa matuta, kwenye majani yaliyonasa, kwenye kusimama kukaza boliti. Akawataka waandike kila dakika iliyopotea na sababu yake. Kijana mmoja alitupa daftari mbele yangu akasema, "Fundi, huyu mzee anatuhesabia hata pumzi." Mimi niliona anawafundisha kitu ambacho mwenye trekta la kukodisha hukijua kwa uchungu wa mfuko wake.

Lakini kilichowaudhi kweli ni maksai. Plau ya ng'ombe hukata upana wa sentimita 20 hivi. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Ukigawanya, unapata zaidi ya mita 20,000, maana yake mkulima hutembea kilomita 20 nyuma ya plau ili amalize eka moja, bila kuhesabu kugeuka. Hesabu hiyo waliimaliza upesi. Kisha akawaambia waifunge nira wakailime eka hiyo, kwa zamu, mmoja akiongoza maksai na mwenzake ameshika mikono ya plau. Kwa mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa, kazi hiyo ni ya saa nane, na maksai hawafai kufanyishwa kazi zaidi ya asubuhi moja kwa siku. Basi eka ni asubuhi mbili.

Wengi walijiona wamedhalilishwa. Baba zao waliwasomesha ili waachane na mkia wa ng'ombe, na ndoto ya kila mmoja ilikuwa kupanda trekta. Siwalaumu kwa ndoto hiyo. Ila nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, mafuta yalikuwa ya foleni, na vipuri havikupatikana. Ukishuka Usangu au ukivuka kwenda Mbozi, aliyekuwa analima mashamba ya watu alikuwa maksai.

Malalamiko yalipofika juu kikaitishwa kikao, nami nikaitwa kueleza hali ya vifaa. Nilisema nilichokijua: vifaa vya kupimia havikutosha, vikundi vilisubiriana, na aliyepata kifaa saa kumi jioni hakuweza kumaliza ripoti ya kesho yake. Binti mmoja alisimama akasema jambo ambalo hadi leo naliona ndilo zito kuliko yote. Alisema, kwa heshima kabisa, kwamba kazi hawaikatai, ila ripoti zinarudi zimechelewa zikiwa na alama tu, bila neno, hivyo hawajui wapi wamekosea. Mkufunzi alinyamaza kidogo. Akakubali ripoti ziwe za kila wiki mbili, na akaanza kuandika maelezo pembeni kwa wino mwekundu. Kutembea nyuma ya plau hakukufuta.

Mwishoni mwa muongo huo ukaja Mbeya mradi wa wanyamakazi kwa msaada wa Canada, na mabwana shamba wanaojua plau wakatafutwa. Yule kijana wa daftari alipita karakana akitokea Usangu. Alinieleza kwamba alimkuta mzee mmoja analaani plau yake kwa kuzama mno, akashusha mnyororo tundu moja kwenye kirekebishi cha mbele, akaweka sawa gurudumu, plau ikatulia. Aliniuliza kama mwalimu bado yupo, akaenda kumwamkia.

Hukumu yangu, baada ya miaka hii yote, ni kwamba wanafunzi walikuwa na haki juu ya vifaa, juu ya muda na juu ya ripoti zisizo na maelezo. Juu ya kukomolewa hawakuwa na haki. Sasa vyuo vyetu huwapa wanafunzi fomu za kuwapima wahadhiri kabla muhula haujaisha, na ni jambo jema, kwani binti yule angesikika mapema. Naomba vyuo viongeze fomu ya pili, na wapewe wahitimu wakiwa wamekaa kazini miaka mitano.