Bundi na Wenye Kukesha

Katika ndege wote wakaao nasi hapa Pasiansi, hapana achukiwaye kama bundi. Yangeyange akiwafuata ng'ombe malishoni, twamwacha. Mdiria akijitupa ziwani kukamata visamaki, watoto humshangilia. Hata mwewe, ingawa huiba vifaranga wetu, hatumwogopi. Lakini bundi akilia juu ya paa, nyumba nzima hunyamaza, hata nyumba ya Wakristo. Wengine humwita babewatoto, nao huokota mawe. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaandikia habari zake, ninyi wenye nyumba na ninyi walimu.

Bundi tunayemnena ni yule mwenye uso mweupe kama sahani. Hajengi kiota, hukaa katika mapango ya mawe makubwa yaliyojaa vilimani mwetu, au darini mwa nyumba, shule na kanisa. Jike hutaga mayai 4 hadi 7 na kuyaatamia siku 30 hivi, na dume humletea chakula. Ile sahani ya uso hukusanya sauti na kuipeleka masikioni. Masikio yenyewe hayalingani, moja liko juu kuliko lenzake, na kwa hiyo hutambua panya alipo hata katika giza tupu. Kingo za manyoya ya mabawa yake ni laini, hata arukapo hasikiki. Humeza panya mzima, kisha hutapika donge la mifupa na manyoya. Mtu akiyakuta madonge hayo huweza kudhani ni uchawi uliotegwa nyumbani mwake. Na ayavunje kwa kijiti: ataona mafuvu ya panya waliokuwa wakila mahindi yake.

Wala si sisi tu tulio jirani zake. Katika nchi za joto za Asia wako bundi wa jamaa hiyo hiyo. Huko Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwawekea masanduku ya mbao juu ya nguzo wapate kuzalia humo, maana panya huharibu matunda ya michikichi. Ndege tumpigaye mawe sisi, wenzetu wamemkaribisha awe mlinzi.

Lakini twajua kwamba hofu haiondoki kwa kuhesabu panya. Mwaka mmoja, wakati wa mvua, jirani yetu, mama wa watoto wanne, alishikwa na homa. Bundi alilia usiku wa kwanza, akalia na wa pili. Jamaa wakashughulika kutafuta mawe, na kumtafuta aliyemtuma ndege. Siku ya tatu ndipo walipompeleka hospitali, na siku ya nne tulimzika. Hata leo wako wasemao, "Je, hakulia?"

Naam, alilia. Lakini bundi hulia mara nyingi, mwaka mzima, nasi wenye afya tumelala. Ni nani amsikiaye? Ni yule akeshaye kando ya mgonjwa. Tena usiku ule aliolia na mtu akafa hukumbukwa miaka mingi. Usiku mwingine aliolia na watu wote wakaamka salama, hakuna auwekaye moyoni. Ndege hakuleta homa. Kilichomdhuru mama yule ni ugonjwa wake, na zile siku mbili zilizopotea.

Sheria ya Musa humtaja bundi miongoni mwa ndege wasioliwa. Haimwiti mjumbe wa mauti. Naye Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi wake wawatazame ndege, hakuwatenga wale wa usiku.

Basi twawasihi. Walimu, waonyesheni watoto madonge yale, wayavunje kwa mikono yao wenyewe. Wazazi, wakatazeni watoto kumpiga kwa manati. Wenye maghala, msitawanye sumu ya panya ovyo, kwa kuwa bundi alaye panya mwenye sumu huweza kufa naye. Na katika nyumba yenye mgonjwa, bundi aliapo usiku, mtu asitoke kutafuta jiwe. Na awashe taa, ampapase mgonjwa paji la uso, na akiona homa ni kali, amwamshe jirani mwenye chombo, wampeleke kwa daktari usiku ule ule.