Siku Tano Baada ya Muujiza

Katika ibada zetu twapenda ushuhuda unaoishia kwenye ushindi. Lakini tumtazame Mkristo mmoja wa Marekani, Dave Dravecky, mrushaji mpira wa timu ya besiboli ya San Francisco Giants. Mkono wake wa kushoto ndio uliomlisha. Mwaka 1988 madaktari walimwondoa uvimbe pamoja na sehemu kubwa ya msuli wa bega. Tarehe 10 Agosti 1989 alirudi uwanjani, akashinda; wengi wakauita muujiza. Siku tano baadaye, huko Montreal, mfupa wa mkono ule ulivunjika akirusha mpira. Mwaka 1991 mkono ulikatwa pamoja na bega.

Ndipo yeye na mkewe wakaanza huduma ya kuwatia moyo wagonjwa wa saratani na waliokatwa viungo.

Wapendwa, wagonjwa wengi tunaowatembelea wako kwenye ile siku ya tano. Tusiwaambie kwamba imani yao ni haba. Twahesabiwa haki kwa neema, si kwa nguvu za mkono. Na neema haikatwi pamoja nao.