Penye Kigae na Ubao

Karani wa parokia haandiki vyeti vya ubatizo tu. Hata sakafu humfikia. Hapa kwetu Handeni chumba cha mbao kilipakana na ukumbi wa vigae, na kila fundi alimaliza kwake bila kumtazama mwenziwe. Bibi mmoja mzee alijikwaa pale mara mbili. Mara ya pili aliumia nyonga.

Tulimwita seremala kutoka Korogwe, mtu wa maneno machache (sifa adimu kwa mafundi). Alitueleza kwamba ubao hunywa unyevu: masika hutanuka, kiangazi husinyaa. Kigae hakisogei. Ukivibana pamoja kwa saruji, ubao utavimba na kuinuka, au kigae kitapasuka. Basi aliacha nafasi ya milimita 10 katikati, akaifunika kwa kipande cha msaji, mti upandwao Longuza kule Muheza, kingo zake akazilaza kwa randa hata mguu usizihisi. Skrubu zilipita katika nafasi ile hadi kwenye saruji ya chini. Fundi akitaka kukigongomea kipande hicho kwenye mbao pia, mkatalieni.