Furushi la Katuni

Jipe, 3 Septemba 2023

Kijana anayepeleka perege Taveta kaniletea furushi la vitabu vya katuni, kavinunua kwa bei ya karatasi za kufungia. Juu kabisa kipo Abunuwasi cha Gado, toleo la Sasa Sema la 1996. Jalada limebaki nusu, pini zimeshika kutu, lakini ndani wino haujapauka: pua na macho ya watu vinasema kabla hujafika kwenye maneno. Gado ni Mtanzania mwenzetu, Godfrey Mwampembwa, aliyehamia Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation. Sasa Sema yenyewe aliianzisha Lila Luce, Mmarekani, hukohuko Nairobi. Kampuni ndogo, ikathubutu kutoa vitabu vizima vya katuni kwa Kiswahili. Kwa hilo tu nawavulia kofia.

5 Septemba

Darasa la Tatu. Mtoto ambaye kwenye kitabu cha kiada hukwama kila mstari, leo kasoma kurasa mbili kwa sauti, wenzake wamemlalia mabegani. Mwalimu mwenzangu wala hakushtuka: "Hasomi huyo, anasimulia. Abunuwasi kamjulia kwa bibi yake."

Ana hoja. Mchana nikampa mtoto Macho ya Mji, kitabu kingine cha lile furushi, ambacho hajawahi kukiona. Mwendo ukapungua. Kidole kikatoka kwenye neno, kikaenda kwenye picha, kikarudi kwenye neno. Midomo ikijaribu kimyakimya kwanza, kisha kwa sauti. Hakukiweka chini mpaka kengele. Kama huko si kusoma, basi sijui tunafundisha nini.

7 Septemba

Mzazi kaja, hasira kiasi. "Mwalimu, mwanangu namleta asome, si aangalie vikatuni."

Namwelewa. Kwa rika letu katuni ilikuwa Sani, gazeti la akina Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Huku lilifika kwa mabasi ya Dar yanayopita Same na Mwanga, limeshasomwa na nusu ya abiria. Mle walikuwamo Ndumilakuwili, Lodilofa, Madenge, na Kipepe wa marehemu Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 na wengine wakaendelea kuchora wahusika wake. Tulilificha chini ya godoro, na si bure: wanawake mle walichorwa makalio kwanza, akili baadaye kama nafasi imebaki. Nikamfungulia mama Abunuwasi, ukurasa kwa ukurasa. Mahali fulani alicheka. Akaniambia hesabu zitangulie, katuni zifuate. Tumekubaliana.

12 Septemba

Furushi limekwisha. "Mwalimu, kingine kinakuja lini?" Sina jibu, na lawama yangu kwa Sasa Sema iko hapo. Kitabu kiliisha na kisa chake, kikakaa rafu ya duka la vitabu kikisubiri mwenye hela ya kitabu. Sani, pamoja na uhuni wake wote, lilikukatia hadithi pale inaponoga, likaandika itaendelea, na muuza magazeti akajua utarudi tu. Kwa Sasa Sema, mwisho wa kujitegemea ulifika mwaka 2007: Longhorn, wachapishaji wa vitabu vya shule, wakainunua.

Kwa mkono wa mchoraji, Sasa Sema wamewaacha mbali Sani. Kwa kumfuata msomaji alipo, Sani hawakuwa na mpinzani. Atakayejaribu tena achore kama wale, auze kama hawa, na gari lake la kwanza lishushe mzigo stendi ya Mwanga.